Ulinzi wa mtoto na afya yake ya akili: maswali watu huuliza kila wakati (Nakuru, Kisumu na western)

Haya maswali yametoka kwa baraza za chifu, mikutano ya wazazi shuleni, foleni za hospitali na simu za usiku. Mimi nafanya kazi na watoto upande wa Nakuru na wenzangu wako Kisumu na Bungoma, na tukikaa pamoja unakuta maswali ni yale yale, lugha tu ndio inabadilika. Ukiwa na haraka enda moja kwa moja kwa swali lako. Kama kuna mtoto amedhulumiwa kingono leo au jana, wacha kusoma hapa, ruka mpaka swali la masaa 72.

## Mambo ya msingi

Ulinzi wa mtoto na afya ya akili vinahusiana aje? Si hizo ni ofisi mbili?

Ni ofisi mbili ndio, na katikati ya hizo ofisi mbili ndio watoto wetu wengi hupotelea. Afisa wa watoto anaangalia kama mtoto yuko salama, anakaa na nani, kesi imefika wapi. Kaunsela au daktari anaangalia analala aje, anakula aje, ni nini inamsumbua. Lakini mtoto ni mmoja. Ukimpeleka kaunselingi kila Jumanne na jioni anarudi kwa nyumba ile ile na mtu yule yule anayemuumiza, hiyo kaunselingi haitashika, juu mtoto ana haki ya kuogopa, hatari bado iko. Na ukimtoa kwa hiyo nyumba ukampeleka kwa shangazi Molo, ripoti ikaandikwa OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, halafu kila mtu akaenda zake, atakuwa salama lakini bado ataamka saa nane usiku akipiga nduru na mwaka ujao ataitwa mtoto mtukutu.

Inaenda pia upande wa pili. Mtoto mwenye shida ya akili ambayo hakuna mtu ameigundua ni rahisi kudhulumiwa, anachapwa juu ni "mkaidi", anatoroka, anatafuta mtu yeyote wa kumsikiza, na saa zingine huyo anayemsikiza ndiye mbaya kuliko wote.

Na tusidhani ni watoto wachache. Utafiti wa kitaifa wa 2019 kuhusu dhuluma kwa watoto uliuliza vijana wa miaka 18 hadi 24 yale walipitia utotoni, na karibu nusu ya wasichana na zaidi ya nusu ya wavulana walisema walidhulumiwa kabla wafike 18.

Mtoto wa miaka minne ataelewa nini? Si atasahau tu?

Hili ndilo swali la nyanya wote, shosho, dani na kukhu, na linaulizwa kwa upendo. Mtoto mdogo anaweza kosa maneno ya kusema kilichotokea lakini hofu haihitaji maneno. Kuna kijana mdogo wa mtaa wa Rhonda, Nakuru, alikuwa anacheza na vifuniko vya soda, kimoja baba, kingine mama, na kadogo kamoja ndio yeye. Kila siku huo mchezo ulikuwa unaisha na hako kadogo kakiingizwa chini ya mkeka. Hakuna mtu alikuwa amemuuliza chochote, lakini ukikaa hapo chini ukaangalia, alikuwa ameshakuambia yote.

Mtoto akikaa na hofu muda mrefu, mwili wake unazoea kuishi kama mtu anayefukuzwa, na hiyo inaingilia usingizi, masomo, hasira, hata vile anaamini watu. Shirika la Afya Duniani linasema kama theluthi moja ya shida za afya ya akili huanza kabla ya miaka 14 na nusu kabla ya 18. Kwa hivyo ile ya "atakua aache" mimi siikubali.

Nitajuaje kama mtoto ana shida?

Angalia mabadiliko. Dalili moja pekee haisemi kitu, watoto wengi hukojoa kitanda na hawajafanyiwa lolote. Lakini mtoto aliyekuwa ameacha kukojoa kitanda miaka miwili akaanza tena, aliyekuwa anaongea akanyamaza, hiyo usipuuze. Wadogo hushikilia mama sana, wanarudia mambo ya utoto, wanaogopa mtu fulani au chumba fulani. Wa primary hulalamika tumbo na kichwa kila asubuhi na hospitalini hakuna kitu kinaonekana, maksi zinaanguka, wanapigana. Hao wakubwa ndio watu hukosea sana, juu huzuni yao inakaa kama kiburi: anajifungia, anajibu vibaya, anaanza kunusa gundi au kutafuna muguka, anajikata mikono na kuvaa sweta jua likiwa kali.

Mtoto anayejua mambo ya kitandani ambayo umri wake haufai kujua, au anayepewa pesa na vitu na huelewi vinatoka wapi, usingoje dalili zingine.

Kwani kumchapa mtoto ni kumdhulumu? Sisi tulichapwa na tuko sawa.

Nalisikia kila mkutano. Shuleni hakuna mjadala, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza mwalimu kumchapa mtoto, na Katiba kifungu cha 29 kinamlinda kila mtu dhidi ya dhuluma, iwe inatoka kwa serikali au kwa mtu binafsi. Sheria ya Watoto ya 2022 inahesabu mateso ya mwili na ya kisaikolojia, yaani hata matusi ya kila siku, kutishwa na kudharauliwa yako ndani.

Hiyo ya "tuko sawa", mimi huuliza tu mtu akumbuke alivyokuwa anajisikia akisikia mlango unafunguliwa jioni. Wengi hunyamaza. Siongei kumhukumu mzazi aliyechoka, naongea juu mtoto anayeogopa mzazi hatamwambia mzazi siku mtu mwingine atamfanyia kitu kibaya, na hiyo ndiyo hasara kubwa ya kiboko.

## Kuripoti

Nikishuku kitu naenda wapi?

Piga 116. Ni simu ya watoto, bure, usiku na mchana, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Ukitaka kwenda kwa miguu, enda kwa ofisi ya watoto ya sub-county, kwa chifu, au polisi kwa dawati la jinsia. Mwalimu, CHP (mhudumu wa afya wa jamii) wa mtaa na mjitolea wa ulinzi wa watoto wanaweza kukuonyesha njia kama hujui ofisi iko wapi. Kwa dhuluma ya kijinsia kuna pia 1195, nayo ni bure. Kama mtoto anapigwa saa hii, ni 999 au 112.

Huhitaji kuwa na uhakika. Kazi ya kuchunguza si yako, na usianze kuzunguka ploti ukiuliza majirani, maneno yatamfikia yule mtu kabla ya afisa na mtoto ndiye atalipa. Sema ulichoona na ulichosikia basi.

Nikiripoti si watachukua mtoto wapeleke home (makao ya watoto)?

Hii hofu imefanya watu wengi wanyamaze. Ukweli ni kwamba mwelekeo wa serikali sasa ni mtoto akae kwa familia. Kuna mkakati wa kitaifa wa mageuzi ya malezi wa 2022 mpaka 2032 ambao lengo lake ni kuwatoa watoto kwa makao na kuwarudisha kwa jamaa au familia za kuwalea. Kumtoa mtoto hufanyika kama nyumbani hakuna usalama, na hata hapo kwanza wanatafuta nyanya, shangazi, mtu anayemjua. Makao iwe ya mwisho na koti, yaani mahakama, iseme.

Lakini hapa kuna kitu wanaookoa watoto husahau. Kwa mtoto, kuokolewa kunaweza kuonekana kama kuadhibiwa. Amesema ukweli, halafu yeye ndiye ametolewa nyumbani, ameacha ndugu zake, shule, hata paka yake, na yule mtu mbaya amebaki. Ikiwezekana mwenye makosa ndiye atoke. Isipowezekana, mtoto aambiwe wazi wazi anaenda wapi, kwa muda gani, nani atakuja kumuona, na kwamba hajafanya kosa. Usimdanganye ati mnaenda kutembea. Nimeona watoto wakiacha kuongea kabisa kwa sababu ya hako kauongo kadogo.

Mtoto ameniambia siri. Nimjibu nini hapo hapo?

Tulia, hata kama ndani unachemka, juu anaangalia uso wako. Mwambie: "Nimekusikia. Umefanya vizuri kuniambia. Sio makosa yako." Usimuulize "mbona hukusema mapema" au "mbona hukupiga nduru", hayo ni maswali ya kulaumu hata ukiuliza kwa upole. Usimwahidi kutoambia mtu yeyote, mwambie utaambia tu wale wanaoweza kumsaidia. Usimrudishe kueleza tena na tena kwa mama, kwa pasta, kwa mjomba, kwa chifu. Akisema kidogo acha iwe kidogo. Andika maneno yake kama alivyosema, na tarehe, uweke.

Hii ya masaa 72 ni nini?

Mtoto akidhulumiwa kingono, dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi inafaa ianze ndani ya masaa 72, na mapema ni bora zaidi, halafu anazimeza siku 28. Msichana aliyebaleghe kuna dawa ya kuzuia mimba, mwisho masaa 120. Kwa hivyo hospitali kwanza, hata kabla ya polisi. Asioge, asibadilishe nguo, na kama ameshabadilisha beba zile nguo kwa bahasha ya kaki au gazeti, si karatasi ya plastiki, juu plastiki inaweka unyevu na ushahidi unaharibika. Masaa yakipita bado mpeleke, kuna matibabu mengine na kuna kaunselingi.

Nakuru watu huenda PGH, ile hospitali kuu ya kaunti, Kisumu ni Jaramogi ambayo wenyeji bado wanaita Russia, Kakamega kuna general, na walio karibu na Eldoret kuna MTRH, hospitali ya rufaa ya Moi. Daktari anajaza fomu ya PRC, ile ya hospitali ya huduma baada ya kubakwa, na P3, fomu ya ushahidi wa majeraha, inatoka polisi. Kwa sheria matibabu ya aliyedhulumiwa kingono kwa hospitali ya serikali ni bure. Ukiitishwa pesa, uliza risiti na upigie 1195 ukiwa hapo hapo kwa korido.

Na kabla utoke hapo hospitalini ulizia kaunsela. Saa zingine mama anapewa dawa, anapewa fomu, anarudishwa nyumbani, na hakuna mtu amemwambia kwamba mtoto anafaa kurudi kwa mazungumzo. Itisha tarehe iandikwe kwa kadi.

Wazee wanataka tumalizane nyumbani. Wamesema watalipa ng'ombe.

Kesi ya kunajisi mtoto haimaliziki nyumbani. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inaweka kifungo cha maisha kama mtoto ana miaka 11 kushuka, si chini ya miaka 20 kama ana 12 hadi 15, na si chini ya 15 kama ana 16 hadi kukaribia 18. Familia haina uwezo wa kuifuta, na chifu pia hana.

Wacha nikwambie mtoto anaona nini hapo. Anaona watu wote anaowategemea wamekaa chini ya mwembe, wamehesabu, wamefika bei, na kesho yule mtu anapita kwa njia akisalimia watu. Hiyo inamuumiza tofauti na kile kitendo, na saa zingine zaidi. Wasichana wengi ninaokaa nao, ukiwauliza ni nini bado inawauma hawataji ile siku. Wanataja ile meeting.

Hakuna aliyeona. Ni neno la mtoto dhidi ya mtu mzima.

Inatosha kuripoti. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 124, inaruhusu koti kwa kesi ya kingono kumfunga mtu kwa ushahidi wa mtoto peke yake, mradi imeridhika kwamba mtoto anasema ukweli na iandike sababu.

## Kaunselingi na matibabu

Mtoto anafanyiwa nini huko kaunselingi? Ni kuongea tu?

Wadogo hawaongei sana, wanachora, wanacheza na wanasesere, wanapanga familia kwa mawe. Mwanzo ni kumfanya ajisikie salama na kumfundisha kutuliza mwili, vile kupumua polepole, vile kujua hofu inaanzia wapi, kama ni tumboni ama kifuani. Baadaye, taratibu, anapewa nafasi ya kusimulia kilichotokea kidogo kidogo mpaka hiyo kumbukumbu isiwe inamrukia vile inataka. Mzazi au mlezi ana sehemu yake pia, anafundishwa kusikiza, kusifu, kuweka mipaka bila kiboko.

Usitarajie mkutano mmoja utamaliza. Na usimuulize akitoka "umemwambia nini?". Muulize kama ana njaa.

Lazima awe daktari wa akili? Huku kwetu hakuna.

Madaktari wa akili wa watoto ni wachache sana Kenya na wengi wako Nairobi, huo ndio ukweli. Lakini kuna kitu kimefanyika hapa hapa western ambacho kila mtu angejua. Bungoma, pamoja na Moshi huko Tanzania, watafiti walichukua watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi au wazazi na walikuwa na dalili za kiwewe au majonzi yasiyoisha. Nusu walipata kaunselingi maalum ya kiwewe, ya vikundi, wiki 12 na vikao vichache vya mtoto peke yake. Wale waliowapa hiyo kaunselingi hawakuwa madaktari, ni watu wa kawaida wa mtaani waliofunzwa na kusimamiwa. Matokeo yalichapishwa 2020 na upande wa Bungoma, kijijini na mjini, watoto walipungukiwa na dalili kuliko wale waliopata huduma za kawaida. Kazi iliyofuata Bungoma ikatumia walimu na wahudumu wa afya wa jamii.

Kwa hivyo mtu akikwambia bila daktari hakuna kitu inaweza fanyika, si kweli. Kuna neno la muhimu hapo lakini: *waliofunzwa na kusimamiwa*. Mtu amehudhuria semina ya siku moja akapewa cheti, huyo asianze kufungua vidonda vya mtoto.

Nitapata wapi huduma na nitalipa ngapi?

Hospitali za kaunti nilizotaja kwa swali la masaa 72 zina kliniki za afya ya akili, na Jaramogi na PGH zina sehemu ya manusura wa dhuluma. Ukianzia hospitali ndogo omba barua ya rufaa. Shuleni kuna mwalimu wa ushauri na nasaha. Ofisi ya watoto inaweza kukuunganisha na mashirika ya mtaa ambayo hayalipishi. Mazungumzo ya simu, 116 na 1199 ya Msalaba Mwekundu ni bure.

Pesa ya kaunselingi ya hospitali inatofautiana, na SHA, bima ya afya ya serikali, imebadilisha mambo mengi tangu ianze Oktoba 2024, kwa hivyo jisajili, mwandike mtoto kama mtegemezi, halafu uliza kwa dirisha kabla ya kukaa kwa foleni. Nauli ndio huangusha watu. Kutoka Kuresoi mpaka Nakuru mjini kila wiki si mchezo. Mwambie kaunsela wazi, mnaweza kupanga mara moja kwa wiki mbili na simu katikati.

Pasta anasema ni mapepo. / Watu wanasema amerogwa.

Sikuambii uache maombi. Kuombewa na watu wanaokupenda kunatuliza na watoto wengi wamepata nguvu kanisani na msikitini. Shida ni mtoto akifungiwa, akinyimwa chakula ati anafunga, akipigwa ili kitu kitoke, au akiambiwa mbele ya watu yeye ndiye ana uchafu ndani. Hiyo ni dhuluma na inaripotiwa kama zingine. Kuzirai, kutetemeka na kupiga kelele usiku kunaweza kuwa kiwewe, kunaweza pia kuwa kifafa ambacho kina dawa. Omba na umpeleke hospitali. Pasta mzuri atakusindikiza.

Kaunsela ataweka siri?

Ndio, isipokuwa kama mtoto yuko hatarini, anataka kujiumiza, au mtoto mwingine yuko hatarini. Kaunsela mzuri humweleza mtoto hivyo siku ya kwanza kabla mtoto aseme lolote, ili asijisikie amesalitiwa. Shule pia ijue kiasi tu inachohitaji. Mwalimu wa darasa anaweza kuambiwa "huyu anapitia kipindi kigumu, asiitwe ghafla mbele ya darasa", hahitaji kujua stori yote, na staffroom yote isijue hata kidogo.

Atapewa dawa?

Wengi hapana. Kwa mtoto kinachotangulia ni usalama na kaunselingi. Dawa ikihitajika, daktari ndiye aamue. Usimpe za jirani, usikate ghafla alizoandikiwa.

## Hali ngumu

Kesi iko kotini. Nimeambiwa mtoto asipate kaunselingi mpaka atoe ushahidi.

Kesi inaweza kukaa miaka. Ukingoja, mtoto wa miaka tisa atapata msaada akiwa na kumi na mbili. Kaunselingi haiharibu ushahidi mradi hakuna mtu anamfundisha aseme nini. Kumsaidia alale, asiogope, ajue koti inakaa aje, hiyo si kumfundisha majibu. Mwambie mwendesha mashtaka mapema kwamba mtoto anaonana na kaunsela na umuulize kuhusu ulinzi wa shahidi mdogo, juu sheria inaruhusu mtoto atoe ushahidi bila kumuona mshtakiwa, kesi isikizwe faraghani, na awe na mtu wa kumsaidia kuongea.

Kila siku kesi ikiahirishwa mtoto anaumia upya, alikuwa amejiandaa usiku mzima. Panga kitu cha kawaida baada ya koti, hata chapati na soda, na usimuulize maswali kwa matatu.

Aliyemdhulumu ndiye analipa rent na chakula.

Hili swali linaulizwa kwa sauti ya chini sana na sina jibu rahisi. Najua mama anaangalia watoto wanne na sufuria moja. Lakini ukikaa, mtoto anajifunza kwamba chakula kina bei na bei ni yeye. Enda kwa afisa wa watoto na useme hiyo shida yote, pamoja na ya rent, usifiche. Wanaweza kuangalia jamaa, chakula cha dharura, bursary, na koti inaweza kuamuru baba alipe matunzo hata akiwa haishi hapo. Uliza kama kuna chama cha akina mama karibu. Itachukua muda, na huo muda wote mtoto asiachwe na huyo mtu peke yake.

Mtoto wangu ni mvulana. Yeye amenyamaza na hataki kuitwa mgonjwa.

Wavulana hudhulumiwa, pia kingono, na sheria inawalinda sawa. Wanaficha kwa sababu wameambiwa mwanaume halii, na huku western ukiongeza ile ya "umeshatahiri, wewe ni mzee sasa" anabaki bila mahali pa kulilia. Kwa hivyo inatoka kwa ngumi, pombe, kutoroka shule. Usimkalishe uso kwa uso kwa meza. Ongea naye mkichota maji, mkiosha pikipiki. Muulize kama angetaka kaunsela mwanaume. Yale mengine yote, hospitali na kuripoti, ni sawa na ya msichana.

Mtoto wangu ndiye amemfanyia mwingine vibaya. Nimfiche?

Usimfiche na usimuue kwa viboko. Saa zingine mtoto anayefanya hivyo alifanyiwa, ingawa si kila mara, na wote wawili wanahitaji msaada wakiwa tofauti, wasikutanishwe "waombane msamaha". Sheria ya 2022 ilitoa umri wa kushtakiwa kutoka 8 ikaweka 12, kwa hivyo aliye chini ya 12 hapelekwi kama mhalifu lakini bado afisa wa watoto anahitajika.

Amesema anataka kufa.

Mwamini. Muulize moja kwa moja kama anafikiria kujiua na kama amepanga vile atafanya, kuuliza hakumpi wazo, kunampa mlango. Usimwache peke yake usiku huo. Ondoa dawa za mifugo na za shamba, kamba, vidonge, visu. Piga 1199 au 116 na asubuhi muwe hospitalini, na kama ameshameza kitu ni sasa hivi. Kisha mtu atafute kinachomfukuza duniani: ni nani nyumbani, ni nini shuleni, ni picha gani kwa simu inatumiwa kumtishia.

Watu huficha wakiogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kile kifungu cha 226 cha sheria ya jinai cha kushtaki mtu aliyejaribu kujiua kinapingana na Katiba. Mpeleke hospitali.

Na hawa watoto wa mtaani, wa jaa la taka la Gioto na wa stage? Si wameshaharibika?

Hapana. Wengi walikimbia kitu, na gundi inatuliza njaa, baridi na kumbukumbu kwa pamoja. Ukimkamata kwa nguvu ukamrudisha kwa mlango ule ule alioukimbia, kesho kutwa yuko Kenyatta Avenue tena. Wale wanaofaulu nao huanza kwa kumjua jina, kurudi kila siku saa ile ile, kuuliza nyumbani kulikuwa na nini, kuongea na familia kabla ya kumrudisha, na kumtembelea baada. Kumwita chokoraa hakusaidii mtu.

Tulihamishwa na mafuriko. Watoto wanalia mvua ikianza.

Baada ya Solai 2018 na Mai Mahiu 2024, na Nyando karibu kila msimu, hii ni kawaida kabisa. Mwambie mpango: tutaenda wapi maji yakija, nani atabeba nani. Rudisha ratiba, chakula, shule, kulala saa ile ile. Watoto wengi wakipata hivyo hutulia bila kaunsela, na kama mwezi umepita na mtoto bado hali chakula wala halali, mpeleke. Kitu cha kuchunga kambini ni usalama: choo cha usiku, nani analala na nani, mgeni anayetoa biskuti. Kambi ndio mahali mtoto aliyepoteza nyumba hudhulumiwa mara ya pili.

Mimi ni mwalimu / CHP / mjitolea. Nasikia hizi stori kila siku na sasa mimi ndiye silali.

Hutakuwa wa kwanza. Ukianza kuota ndoto za mtoto wa mtu, kukasirikia watoto wako bila sababu, au kusikiza mtoto huku hujisikii kitu kabisa, hiyo ni dalili kwamba umebeba kupita kiasi. Itisha msimamizi wako kikao cha kuongea kesi, si ripoti peke yake. Usibaki na kesi ya siri peke yako hata kama unaaminiwa, hakikisha kuna mtu mwingine mmoja kwa ofisi anaijua ili ukiwa mgonjwa mtoto asikwame. 1199 haiulizi kama wewe ni mteja ama mfanyakazi. Na kama kesi inafanana na kitu kilichokupata wewe utotoni, mpe mwenzako hiyo faili, mwambie mtoto mwenyewe kwamba kuanzia wiki ijayo ataonana na fulani, na uwatambulishe kabla hujaondoka.